Programu za Tovuti Nazo Zikaguliwe

Askari aliyekabidhiwa bunduki haendi nayo lindoni kabla ya kuikagua. Hutazama mtutu, huikoki ikiwa tupu, huhesabu risasi zake, wala hasemi, "Jana ilikuwa nzima." Kesho yake huikagua tena kwa utaratibu ule ule. Hiyo si hofu, bali ni nidhamu. Je, kwa nini nidhamu hiyo tuiache mlangoni tuingiapo katika chumba cha kompyuta?

Ndugu askari na polisi, huduma nyingi za umma siku hizi hupitia kwenye tovuti. Tuchukue mfano wa askari mstaafu anayejaza fomu ya malipo yake ya uzeeni. Ametoka kijijini alfajiri, amelipa nauli, na kijana wa dukani amemsaidia kuandika. Anapobonyeza kitufe cha kutuma, hakuna kinachotokea. Kumbe juzi fundi alibadilisha sura ya ukurasa, na bila kujua akakiharibu kitufe kile. Fundi hana habari, ofisi haina habari. Mwenye habari ni mzee yule peke yake, naye anarudi kijijini mikono mitupu.

Mambo haya hayawapati wanyonge tu. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajiandikishe kwa bima ya afya. Nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge la nchi hiyo zilionyesha kwamba siku ya kwanza watu sita tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Mwezi huo huo wakandarasi waliieleza kamati ya Bunge kwamba mfumo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, ulijaribiwa katika majuma mawili ya mwisho tu. Kasoro zilikuwa nyingi, na si zote ambazo zingegunduliwa kwa njia ninayoieleza hapa. Hata hivyo funzo ni moja: ukaguzi uliosukumwa hadi siku ya mwisho si ukaguzi.

Dawa ipo. Mwaka 2004 fundi mmoja wa Chicago, Jason Huggins, alichoshwa na kurudia kwa mkono majaribio yale yale ya programu ya ofisini kwake, akaanzisha chombo kiitwacho Selenium. Chombo hiki hukiendesha kivinjari, yaani programu tunayofungulia tovuti, kama mtu akiendeshavyo. Fundi huandika amri mara moja: fungua ukurasa huu, andika jina hapa, bonyeza pale, kisha hakikisha yametokea maneno "Maombi yamepokewa". Yasipotokea, kompyuta hutoa taarifa na kuhifadhi picha ya ukurasa. Mwaka 2018 amri za namna hiyo zilifanywa kanuni ya kimataifa, na mwaka 2020 Microsoft ikatoa chombo kingine, Playwright. Vyote viwili hutolewa bure. Kisingizio cha bei hakipo.

Lakini chombo bila utaratibu ni mzigo. Kwanza, zichaguliwe njia chache zenye uzito: kuingia kwa neno la siri, kutuma fomu, kupata risiti. Majaribio ya kivinjari huenda polepole, kwa hiyo mambo madogo madogo yapimwe kwa njia nyepesi zaidi. Pili, majaribio yawe na uwanja wake, seva ya pembeni yenye majina ya kubuni. Hatulengi shabaha sokoni. Vivyo hivyo tusijaribu programu kwa kumbukumbu halisi za wananchi. Tatu, jaribio lisiamriwe kungoja sekunde kadhaa kwa kubahatisha, bali lingoje hadi kitufe chenyewe kionekane. La sivyo litapiga kelele za uongo. Mlinzi anayepiga kengele kila upepo uvumapo, siku adui atakapofika hakuna atakayeamka.

Nne, nalo ndilo kubwa, majaribio yajiendeshe yenyewe kila programu inapobadilishwa, na likishindwa hata moja, programu isitolewe. Hapa ndipo panapohitaji ushujaa. Siku ya uzinduzi imetangazwa, mgeni rasmi amekwisha alikwa, na koplo aliye kwenye kompyuta anasema, "Afande, jaribio la fomu limeshindwa." Mkubwa anayejibu, "Fungueni tu," amemruhusu mlinzi wake kulala. Sherehe huahirishwa kwa barua moja. Imani ya wananchi hairudishwi kwa barua.

Wako wasemao kwamba vijana wa kubonyeza tunao, mashine ya nini? Mtu huchoka, na afikapo mara ya hamsini huruka hatua. Tena aliyeitunga programu hupita njia anayoijua mwenyewe. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Hata hivyo mashine haiwezi kutambua kwamba maneno ya fomu yanamkanganya mzee. Kwa hiyo mashine irudie yale yale bila kuchoka, na mtu abaki na kazi ya kufikiri.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kitufe kibovu na kigunduliwe usiku na mashine, asubuhi kiwe kimetengenezwa, kabla mzee wetu hajalipa nauli.