Msituambie Zilitengenezwa kwa Mapenzi

Wasee, leo nakosana na watu.

Kuna watu wazima wanakusanya doli za zamani za Ujerumani, zile ndogo za kukaa ndani ya nyumba za doli. Kichwa, mikono na miguu ni kaure isiyong'aa, tumbo ni kitambaa. Utapata buda wa masharubu, mama amefunga nywele juu, mpishi, mwanajeshi. Mimi pia nazipenda, sitadanganya. Nimekesha nikitazama minada yake na mfukoni sina hata bei ya mguu mmoja.

Lakini wakusanyaji wananikasirisha. Atakutajia Simon & Halbig, akupe na namba ya kalibu kichwani. Muulize ni nani alishona hilo tumbo. Kimya.

Basi nitasema mimi. Nyingi zilitoka Thuringia. Viwanda vilichoma kaure, lakini pale Sonneberg na vijiji vya karibu, kazi nyingi ya kushona, kujaza na kuvalisha doli ilifanyiwa nyumbani. Familia nzima mezani, watoto ndani. Malipo kwa dazeni, na bei anapanga mfanyabiashara. Mwaka wa 1903 Ujerumani ilitunga sheria ya kupunguza kazi za watoto, hata wale waliofanyia wazazi wao. Ukiona sheria imeingia hadi jikoni kwa mtu, jua kulikuwa kubaya.

Halafu Marekani, kwa sheria ya ushuru ya 1890, ikataka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Ndiyo maana nyingine zimeandikwa "Germany". Nchi ilipata jina. Mshonaji hakupata.

Mbona inaniuma? Niliacha chuo mwaka wa pili, nikaanza kazi ya mtandaoni: kuchora maboksi kwa picha ndio mashine ijue hili ni gari, huyu ni mtu. Nililipwa kwa picha. Bei hatukuulizwa. Kwao nilikuwa namba tu. Kazi ya kipande naijua vile inakaa saa nane usiku, macho yakiwaka.

Kusanyeni, sijakataa. Lakini mkipost hiyo doli, tajeni na ile meza. Na mwache kutuambia zilitengenezwa kwa mapenzi. Zilitengenezwa kwa dazeni.

Na wewe unayecheka wazee wa doli, hiyo app umeshika sai, nani alishona tumbo lake?