Jezi na daluga: mchezaji hununua kwa uwanja, mfanyabiashara hununua kwa nembo

Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Agosti 2025 nchi hizo tatu ziliandaa mashindano ya CHAN. Kwa mwenye kibanda cha jezi, awe Namanga, Busia au Mutukula, habari kama hizo humaanisha jambo moja: agiza mzigo.

Tatizo ni kwamba mzigo unaoagizwa kwa ajili ya mashindano ni wa mashabiki. Jezi ya shabiki ina soko la wiki chache, na timu ikitolewa mapema bei huanguka siku hiyo hiyo. Mteja wa mwaka mzima ni mwingine kabisa. Ni mwanamume anayecheza mwenyewe: kijana wa ndondo, mwalimu anayekimbia alfajiri, dereva wa lori anayecheza wavu akisubiri kuvuka mpaka. Huyu haangalii sana nembo. Anauliza kama kiatu kitamfaa kwenye uwanja wake.

Na hapo ndipo mitaji mingi inapokwama, hasa kwenye viatu.

Sehemu kubwa ya daluga za mitumba zinazoingia Afrika Mashariki zilivaliwa kwanza Ulaya, kwenye viwanja vya nyasi laini na vyenye maji. Chini ya soli au kwenye boksi huandikwa herufi mbili ambazo wanunuzi wengi wa jumla huzipita bila kuzisoma. SG ni kiatu cha uwanja laini: meno marefu na machache, mara nyingi ya chuma. FG ni cha nyasi za kawaida kwenye ardhi iliyokauka. TF kina vijino vingi vifupi vya mpira, kwa nyasi bandia na ardhi ngumu. IC au IN ni soli bapa ya ukumbini.

Mpeleke SG mchezaji wa Dodoma au Kajiado wakati wa kiangazi uone. Meno hayazami ardhini, uzito wote wa mwili unakaa kwenye ncha sita, nyayo zinauma na kifundo cha mguu kinakuwa hatarini. Kiatu kinaweza kuwa cha kampuni kubwa na bado kinang'aa, lakini atakirudisha, au atakiacha na asirudi tena kwenye kibanda hicho. Kwa viwanja vya changarawe na vumbi, TF ndiyo inayotoka haraka. FG ina soko lake kwenye shule na vyuo vyenye nyasi. SG inafaa ibaki huko huko sokoni, hata kama inauzwa nusu bei.

Kwa wakimbiaji mambo ni tofauti kidogo. Katika nyanda za juu, Iten na Eldoret upande wa Kenya au Arusha upande wa Tanzania, mteja anajua kiatu kuliko muuzaji. Atabonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kabla hajauliza bei. Sponji iliyokwisha kazi huwa ngumu na yenye mikunjo midogo pembeni. Viatu vingine vina soli ya kati ya polyurethane, ambayo huoza taratibu kwa unyevunyevu hata ikiwa haijavaliwa. Kiatu kinaonekana kipya, mchezaji anakivaa mara mbili, soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, na kiatu cha miaka kumi ni kiatu cha miaka kumi hata kama bado kina karatasi ndani.

Namba nazo zina mitego yake. Nane ya Uingereza si nane ya Marekani: kwa viatu vya wanaume zinapishana kwa nusu hadi namba nzima, na kampuni hazilingani. Kipimo kinachopunguza ugomvi ni cha sentimita, ambacho kiko kwenye lebo za viatu vingi vya michezo. Anayeagiza jozi mia moja kwa simu afuate hicho.

Upande wa nguo, kosa la kawaida ni kufikiri kwamba pamba ni bora kila mahali. Fulana ya pamba ni nzuri ya kuvaa mtaani, lakini ikilowa jasho inabaki na maji na inakuwa nzito. Poliesta nyepesi yenye matundu hukauka haraka, na ndiyo maana jezi karibu zote zinatengenezwa nayo. Kuna faida nyingine kwa muuzaji wa seti za timu: rangi na majina yanayochapwa kwa joto na kuingia ndani ya uzi hushika kwenye poliesta ya rangi ya mwanga, wala hayabanduki. Namba za kubandika juu kwa pasi huanza kung'oka baada ya kufuliwa mara kadhaa, na timu nzima hurudi kulalamika kwa pamoja.

Sasa forodha. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaweka nguo na viatu vilivyotumika kwenye namba 6309, na kiwango chake ni asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Nchi wanachama huomba tofauti za mwaka mmoja mmoja, zinazotangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya katikati ya mwaka, kwa hiyo kiwango cha mwaka jana si cha kukiamini. Rwanda ilikwenda njia yake: mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa kodi kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Kwa belo la kilo 45, tofauti kati ya senti 40 na dola 2.50 ni dola 18 dhidi ya dola 112.50. Hesabu hiyo ndiyo inayowavuta wengine kwenye njia za panya upande wa Rusumo.

Lakini 6309 ina masharti. Mali lazima ionekane wazi kuwa imetumika, na iwe imefungwa kwa wingi, kwenye belo, gunia au kifungashio cha namna hiyo. Jezi mpya zikichomekwa katikati ya belo la mitumba haziwi mitumba. Ni tamko la uongo. Viatu vipya vina namba zake: raba za mazoezi zenye sehemu ya juu ya kitambaa huingia 6404.11, wakati daluga zenye meno huangaliwa kwenye 6402.19 au 6403.19 kulingana na kama juu ni plastiki au ngozi. Nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na mashirika ya viwango, na taiti zinazovaliwa chini ya bukta zinaweza kuleta ubishi mrefu kaunta. Ni heri zitolewe kabla belo halijafika mpakani.

Mfumo rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 haumsaidii anayebeba mitumba au jezi kutoka China, kwa sababu cheti chake ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Anayeweza kunufaika ni fundi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayeshona seti za timu kwa kufuata kanuni za asili ya bidhaa. Seti isiyo na nembo ya mtu, yenye jina la timu ya kijiji, ina soko kila wikiendi, na washindani ni wachache kuliko wanaouza Arsenal.

Kwa jezi feki, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka bidhaa za kughushi kwenye orodha ya zilizokatazwa kuingizwa. Sio suala la kulipa ushuru zaidi. Kadiri 2027 inavyokaribia, nembo za mashindano zitakuwa na wenyewe, kama ambavyo jezi za Simba na Yanga huuzwa kupitia waliopewa haki.

Msafirishaji ndiye anayesahaulika katika haya yote. Sheria hiyo hiyo inaruhusu chombo kilichobeba mali iliyokatazwa kukamatwa pamoja na mali yenyewe. Dereva anayechanganya mabelo ya wateja saba kwenye Fuso moja, na karatasi moja iliyoandikwa "nguo", amebeba siri za watu saba. Orodha ya kila mteja peke yake, yenye idadi, uzito na neno "mpya" au "iliyotumika" mbele ya kila kifurushi, inaandikwa kwa nusu saa kabla ya turubai kufungwa. Asiyetaka kuiandika, mzigo wake ubaki ghalani.