Salale si Masaki, usichimbe bwawa

Binamu yangu wa Kariakoo amemaliza nyumba yake kwetu, kata ya Salale, huku delta ya Rufiji, na sasa anataka bwawa la kuogelea. Kanitumia picha kwenye simu: bwawa la zege, mita nane kwa nne, limezamishwa ardhini, marumaru za bluu, viti vya kulalia pembeni. Kazi yangu ni kujenga mabwawa Dar es Salaam, kwa hiyo alitaraji nimpe bei. Nimempa ubishi.

Wapo watakaocheka: bwawa la nini mahali palipozungukwa na maji? Hao hawana wajukuu wa mjini wanaokuja kula Idi. Mtoto wa Nyamisati anajua mkondo unavuta saa ngapi na mamba hujianika wapi. Mtoto wa Tabata hajui. Kumpatia maji yaliyotulia ajifunze kuelea ni busara, hata majirani wakiita majivuno.

Ugomvi wangu ni shimo. Huku ukichimba kidogo tu maji yanachungulia, na siku za bamvua yanapanda zaidi. Bwawa lililojaa halina neno, uzito wake unalikalisha. Siku utakapolimwaga ulisafishe, maji ya chini yatalisukuma, sakafu ipasuke au bwawa zima linyanyuke. La faibaglasi, lile linalotoka kiwandani likiwa zima, ndilo jepesi zaidi kuinuka, achilia mbali taabu ya kulishusha kutoka Bungu hadi Nyamisati na kulivusha kwa mashua. Zipo vali za kupunguza msukumo huo, lakini zikizibwa na tope hazina kazi. Halafu chumvi: ikipenya kwenye zege inakula nondo, nayo nondo ikishika kutu hufura na kulipasua zege kutoka ndani.

Angejenga Kibiti mjini, ardhi ya juu, ningemchimbia bila maneno.

Kwa Salale nasema bwawa la juu ya ardhi. Jamvi la zege, kuta za tofali zilizojazwa zege na nondo, mkanda juu yake. Mita nne kwa tatu, kina mita 1.2, basi. Kina hicho kisidharauliwe: pale chini maji husukuma ukuta kwa uzito wa tani 1.2 kila mita ya mraba, kwa hiyo asiitwe fundi yeyote tu aliyewahi kujenga choo. Na mchanga uletwe kutoka bara, usizolewe ufukweni.

Tulipofika kwenye maji ndipo binamu alipokasirika. Bwawa la kwenye picha, likiwa na kina cha mita moja na nusu, linameza lita 48,000. Zitoke wapi, wakati delta ina vijiji ambavyo watu wake hufuata maji baridi ya kunywa kwa mtumbwi? Akaniambia si kuna mabwawa ya chumvi, tuvute maji ya mtoni. Mashine za mabwawa hayo huhitaji gramu tatu au nne za chumvi kwa lita. Bahari ina kama 35, na mto wetu hubadilika kila maji yanapojaa na kupwa, tena huja na tope lake.

Dogo ninalolisema linachukua lita 14,400. Paa la mita 100 za mraba linaweza kukinga karibu lita 10,000 kwa kila milimita 100 za mvua, kwa hiyo masika yatalijaza, ila tangi la kunywa litangulie kujaa. Baada ya hapo jua litakuwa linanywa kama nusu sentimita kwa siku, hivyo turubai la kufunikia linunuliwe pamoja na saruji, si mwaka ujao.

Ngazi iwe ya kunyanyua. Watu wazima wakiondoka iwekwe ndani na mlango ufungwe, kwani mtoto anayetambaa hawezi kuupanda ukuta ule mtupu.

Marumaru za bluu akipenda aweke. Hapo sina ubishi, na bei nitampa.