Tiketi ilitangulia, mpaka ukafuata

Kila mwaka majira ya joto yanapowadia Ulaya, vijana wa bara hilo hufunga mabegi ya mgongoni na kupanda treni. Asubuhi wako Amsterdam, jioni wako Berlin. Baada ya siku mbili wako Prague, kisha Vienna, kisha Venice. Mkononi wana tiketi moja. Kwa mfanyabiashara wa Busia, Namanga, Rusumo au Mutukula, ambaye kila boda aijuayo ina karatasi zake, dirisha lake na foleni yake, habari hii husikika kama hadithi ya mbali.

Si ya mbali kiasi hicho. Wapo Waafrika Mashariki wanaoipanga safari hiyo: mwanafunzi aliyemaliza masomo, familia yenye ndugu Ubelgiji, mfanyabiashara anayetaka kuona maonyesho ya biashara Ujerumani na masoko ya nguo Italia katika safari ile ile. Anayeipanga kwa makini hujifunza mambo mawili. La kwanza ni namna ya kulinda fedha zake. La pili ni namna mtangamano unavyojengwa kweli, na hilo linazihusu serikali na mashirika ya usafiri ya kanda hii kuliko linavyomhusu msafiri.

Historia yenyewe inashangaza. Tiketi iitwayo Interrail ilianza kuuzwa mwaka 1972, Shirika la Kimataifa la Reli, UIC, lilipotimiza miaka 50. Iliwahusu vijana wasiozidi umri wa miaka 21 na ilikubalika katika nchi 21. Kabla yake, mwaka 1959, ilikuwapo Eurail kwa wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Leo tiketi hizi mbili zinatumika katika nchi 33. Kinachozitenganisha ni makazi ya msafiri, si rangi ya pasipoti yake. Mkongo anayeishi Brussels hununua Interrail. Ndugu yake anayetoka Bukavu kwenda kumtembelea hununua Eurail. Wote wawili wanaketi behewa moja.

Sasa tarehe hizo zilinganishwe na tarehe za wakuu wa nchi. Mkataba wa Schengen, ulioanza kuondoa ukaguzi wa mipakani, ulitiwa saini Juni 14, 1985 na nchi tano tu. Ulianza kutekelezwa mwaka 1995. Noti za euro zilifika mifukoni mwa watu mwaka 2002. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20, abiria mwenye tiketi moja alikuwa bado anaamshwa usiku na askari wa mpakani aonyeshe pasipoti, na bado alibadilisha faranga kwa lira na lira kwa mark. Tiketi haikusubiri mpaka uondoke. Mashirika ya reli yalikaa mezani, yakakubaliana tiketi ya mmoja ipokelewe na wote, na hesabu ya nani apate kiasi gani ifanywe ofisini badala ya kumsumbua abiria dirishani.

Hilo ndilo somo, na litarejewa. Kwanza ni vyema kueleza safari yenyewe inavyopangwa, kwa kuwa ndani yake yamo mengi ambayo mfanyabiashara wa mpakani atayatambua.

Kazi ya kwanza ni viza, si tiketi. Viza moja ya Schengen inafungua nchi 29, lakini maombi hayapelekwi ubalozi wowote. Yanapelekwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi; siku zikilingana, kwa nchi atakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi maombi yakikataliwa. Bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Mwenye viza anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo zinahesabiwa kwa nchi zote kwa pamoja. Kutoka Italia kwenda Slovenia hakuanzishi hesabu upya.

Uingereza na Ireland haziko ndani ya mpango huo. Serbia, Bosnia na Montenegro pia haziko. Anayetaka kutoka Paris kwenda London kwa treni ya Eurostar anahitaji viza ya Uingereza, na akitaka kurudi Paris, viza yake ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Wengi hulipuuza jambo hili wanapochora ramani, wakaligundua wakiwa wameshalipia vyumba.

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia. Ubalozi unataka uthibitisho wa kipato: taarifa za benki, leseni ya biashara, hati zinazoonyesha kwamba mwombaji ana sababu ya kurudi nyumbani. Mama anayevusha nguo, maharage au dagaa kila wiki anaweza kuzungusha mtaji mkubwa kuliko mtumishi wa ofisini, lakini mtaji huo uko kwenye simu, kwenye daftari na kwenye bidhaa ghalani. Machoni pa afisa wa viza, biashara isiyo na karatasi ni kama haipo. Dawa yake haianzi wiki ya kuomba viza. Inaanza miezi mingi kabla: kupitisha mauzo benki, kuhuisha leseni, na kutunza vyeti rahisi vya uasili wa bidhaa, vile ambavyo Jumuiya ya Afrika Mashariki huvitoa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Karatasi hizo zinamlinda kwa forodha leo na zinamtetea ubalozini kesho.

Viza ikishatoka, ndipo tiketi ipigiwe hesabu. Eurail inauzwa kwa namna mbili. Moja ni ya siku mfululizo, kama siku 15, siku 22 au mwezi mzima. Nyingine ni ya siku za kuchagua, kwa mfano siku 10 za kusafiri ndani ya miezi miwili. Anayelala siku tatu kila mji hana sababu ya kulipia siku mfululizo, kwa kuwa siku anazotembea mjini kwa miguu atakuwa amezilipia bure. Vijana hadi umri wa miaka 27 hupunguziwa bei, na mtu mzima anaweza kuchukua watoto wawili wa umri wa miaka 4 hadi 11 bila kuwalipia tiketi hiyo.

Lakini neno "tiketi moja" lina tundu. Katika treni nyingi za Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi, mwenye tiketi hiyo hupanda akaketi. Ufaransa, Hispania na Italia, treni za mwendo kasi hudai malipo ya ziada ya kuweka nafasi, na Ufaransa nafasi za wenye tiketi ya namna hiyo zinaweza kwisha wakati viti vya kawaida bado vinauzwa. Eurostar ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo hupanga safari ndefu za ghafla katika nchi zisizodai nafasi, na safari za Paris na Barcelona huziwekea nafasi mapema, tarehe ikiwa haibadiliki.

Treni za usiku nazo zina faida mbili. Zinaokoa gharama ya hosteli, na siku ya tiketi inayokatwa ni ile ya kuondoka tu, ilimradi msafiri apande kabla ya saa sita usiku na asibadilishe treni baada ya hapo. Kitanda hulipiwa kando. Treni hizi zilikaribia kufa. Shirika la reli la Ujerumani lilizisimamisha za kwake mwishoni mwa mwaka 2016, na shirika la Austria likazichukua baadhi ya njia na kuziendeleza kwa jina la Nightjet. Leo mtu analala Vienna akaamka Venice. Alichokiona mmoja kuwa hasara, jirani yake alikigeuza biashara.

Wala isidhaniwe kuwa Ulaya imemaliza kazi. Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na si yenyewe peke yake iliyofanya hivyo. Msafiri anayeacha pasipoti hotelini kwa kuamini kwamba mpaka umekufa anaweza kushushwa njiani. Umeme wa reli nao unatofautiana: Ujerumani, Ufaransa na Italia kila moja ina wake, hata vichwa vya treni za kimataifa vikalazimika kutengenezwa viweze kutumia umeme wa aina zaidi ya moja. Upana wa reli nao umekuwa mzigo. Reli za zamani za Hispania zina upana wa milimita 1,668, wakati za Ufaransa ni 1,435, na kwa miongo mingi abiria walibadilisha treni mpakani. Hispania ilipofungua reli yake ya kwanza ya mwendo kasi mwaka 1992, ilichagua 1,435 kama jirani. Uamuzi huo ndio unaomwezesha abiria leo kuketi Paris na kuinuka Barcelona.

Afrika Mashariki ilikuwa na kitu cha aina hii kabla ya Interrail. Tangu mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, vichwa vya treni na mabehewa viligawanywa kama mali ya marehemu. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 na sasa ina nchi nane, lakini tiketi ya pamoja haijafufuka.

Sasa kuna nafasi nyingine. Reli ya kisasa ya Kenya ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ya Tanzania ilianza mwaka 2024 na kufika Dodoma. Zote zina upana wa milimita 1,435. Moja inatumia dizeli na nyingine umeme, lakini Ulaya imeonyesha kwamba hilo si ukuta. Moja inakusudiwa kufika Malaba, nyingine kufika Burundi. Hatari iliyopo ni kila nchi kujenga hadi mlangoni kwake, kila moja na tiketi yake, ratiba yake na mfumo wake wa malipo, kisha mfanyabiashara ashushwe na mizigo yake mita chache kabla ya treni ya jirani, ambayo iliondoka nusu saa iliyopita.

Wapo watakaosema Ulaya ni tajiri na mifano yake haifai huku. Jibu ni kwamba kilichoanza mwaka 1972 hakikuwa reli mpya wala daraja. Kilikuwa kipande cha karatasi na makubaliano ya mahasibu. Wengine watasema lazima nchi zote nane zikubali kwanza. Schengen ilianza na tano. Hata hapa, viza ya pamoja ya watalii ilianza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda bila kusubiri wengine, na wananchi wa nchi hizo tatu wakaanza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Walio tayari waanze. Wengine watajiunga wakiona faida.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo na kinapimika. Mashirika ya reli na kampuni za mabasi yakubaliane kuuziana tiketi, ili abiria wa Kampala alipe mara moja kwa basi la kwenda Nairobi na treni ya kwenda Mombasa. Ratiba za pande mbili za mpaka zitangazwe pamoja na zisubiriane. Malipo ya simu ya nchi moja yapokelewe kwenye stesheni ya nchi nyingine. Mzigo wa mfanyabiashara mdogo uwe na bei moja inayojulikana toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkutano wa marais.

Wafanyabiashara wa mipakani nao wana sehemu yao. Vyama vyao vipeleke madai haya kwa mashirika ya usafiri, yakiwa na hesabu: wangapi huvuka kwa wiki, na mizigo kiasi gani, na shilingi ngapi hupotea kwa kulala njiani kwa sababu gari limekosekana. Mashirika huanza njia pale yanapoona abiria wa kuijaza.

Kijana wa Ulaya mwenye begi mgongoni hafikirii mkataba wowote anapopanda treni. Anaangalia ratiba, anaketi, analala. Mama wa Mutukula anastahili usingizi huo huo.