Majani ya Karanga ni Mali

Kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mkulima hung'oa karanga zake, huzianika, huzichambua, na majani hubaki yamelundikana pembeni mwa shamba. Mengine huoza hapo hapo, mengine huliwa na mchwa, na mengi hutiwa moto siku shamba linaposafishwa. Ufikapo mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali na nchi ikiwa nyeusi kwa majivu, mfugaji huonekana akiswaga ng'ombe waliokonda kutafuta japo ukoka wa bondeni; na huko bondeni ndiko ziliko bustani za watu. Ndipo ugomvi huanza. Sisi twaona kwamba sehemu ya malisho yanayogombewa mwezi wa Oktoba ilikwisha kuteketezwa mwezi wa Juni, na aliyeiteketeza hakupata hata senti moja.

Jambo hili si la zamani sana. Kwa miaka mingi mbung'o waliifanya nchi ya kusini kuwa nchi ya jembe na mbuzi wachache, na mtu aliweza kukua mpaka akaoa asijue namna ya kufunga ndama. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondoke katika bonde la Ihefu huko Mbeya ili kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na wengi walielekezwa Pwani na Lindi. Tangu hapo ng'ombe si mgeni tena katika wilaya hizi. Yaliyotokea Rudewa Mbuyuni, Kilosa, mwezi wa Desemba 2000, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa katika vita vya wakulima na wafugaji, yatosha kutuonya sote kwamba ugomvi wa majani si ugomvi mdogo.

Nachingwea yaijua karanga kwa jina na kwa machungu. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, wakang'oa miti, na kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kumeza pauni milioni 36 na zaidi. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960, na kilichobaki ni majina kama Farm 17, mahali ambapo baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji walifanyia mazoezi. Twayataja haya kwa sababu jambo tunalolishauri leo halihitaji trekta wala reli. Lahitaji sanduku la mbao.

Kwanza tueleze thamani ya majani haya. Nyasi za mwituni zikikauka zenyewe juu ya shina hubaki na protini kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu 5 katika 100, na ng'ombe huhitaji kama sehemu 7 ili tumbo lake liweze kusaga chakula vizuri. Ndiyo maana mnyama wa kiangazi huweza kujaza tumbo kutwa nzima na bado akakonda. Majani ya karanga yaliyokaushwa vema, yakiwa bado na vijani vyake, mara nyingi hufika sehemu 10 au hupita. Vijani vikipukutika ukabaki na vijiti vitupu, umebaki na kuni. Kwa hiyo yageuzwe asubuhi umande ukiwa bado haujakauka kabisa, wala yasiburutwe mchana wa jua kali.

Taabu kubwa ya kwetu ni majira. Karanga za muda mfupi, kama aina ya Pendo iliyotolewa mwaka 1998, huweza kung'olewa mvua ikiwa bado yanyesha, na majani yaliyotupwa chini huoza kwa siku chache. Hayo hayana budi kuwekwa juu ya vichanja vya miti, yapitishe upepo chini, mpaka jua lipatikane. Nyasi za mwituni nazo zafaa kukatwa zinapoanza kutoa maua, yaani kabla mkulima hajaona kwamba wakati umefika. Akingoja mpaka Juni atakuwa akikata makuti. Baada ya kukatwa zaanikwa siku mbili au tatu na kugeuzwa. Atakaye kujua kama zimekauka azichukue mkononi azisokote kama kamba: zikitoa unyevu bado, zikivunjika vipande vipande zimepita kiasi.

Methali yasema akiba haiozi. Akiba ya majani huoza, na huoza kwa siri. Majani yaliyofungwa yakiwa mabichi hupata moto ndani, huota kuvu, na lundo kubwa huweza hata kujiwasha lenyewe. Kuvu si la kuchezea. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokuwa wamekula mahindi yenye ugonjwa huo, na sumu hiyo hiyo, ng'ombe wa maziwa akiila, hutokea katika maziwa anayopewa mtoto. Karanga mbovu zilizosahauliwa katika mashina ziondolewe zote kabla ya kufunga.

Sanduku lenyewe ni jambo la fundi wa siku moja. Wakulima wa Kenya hutumia la urefu wa sentimeta 85, upana 55 na kina 45, lililo wazi juu na chini. Kamba mbili hutandikwa ndani, majani hutiwa na kukanyagwa kwa miguu mpaka yashindiliwe sawasawa, kamba zikafungwa, na sanduku likainuliwa. Hutoka robota la kilo 20 hivi. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hula kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwa hiyo robota moja lamtosha siku tatu, na miezi mitano ya kiangazi yataka marobota 45, tuseme 50 kwa yale yatakayomwagika. Marobota 50 yahitaji chumba cha mita mbili na nusu kwa mbili, kilicho juu kidogo ya mita mbili. Paa la makuti latosha, lakini sakafu iwe ya miti iliyoinuliwa juu ya ardhi, kwani mchwa wa Nachingwea hawangoji kukaribishwa. Banda lisijengwe karibu na jiko.

Yako malisho mengine ambayo watu hawayahesabu, nayo ni nyasi zinazofyekwa chini ya mikorosho. Hapa twatoa onyo. Zikatwe kabla mkulima hajaanza kupuliza salfa na dawa nyingine. Nyasi zilizokwisha kunyunyiziwa salfa zisifungwe wala kuuzwa, kwa maana salfa ikizidi humdhuru ng'ombe ubongo, na muuzaji wa namna hiyo hatapata mnunuzi mara ya pili.

Sasa tuje kwenye biashara. Mkulima wa korosho amekwisha kuonja uchungu wa kangomba, na mkulima wa viazi mahali pengine aujua uchungu wa lumbesa. Tukianza kuuza majani kwa mzigo wa kukadiria kwa macho, tutayazaa matatizo hayo hayo upya. Robota lipimwe kwa kilo. Vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vina mizani na vina makarani waliozoea kuandika daftari. Hatusemi majani yaingizwe katika maghala ya korosho. Moto mmoja ungemaliza jasho la kata nzima. Twasema mizani iazimwe siku moja katika juma. Tena soko liwe karibu, kwa kuwa majani ni mepesi na hujaza gari upesi. Yakisafirishwa mbali faida yote humwishia mwenye gari.

Je, marobota yatamaliza ugomvi? Tusidanganyane. Mwenye ng'ombe 300 angehitaji marobota 90 kwa siku moja, na hakuna kijiji kitakachoweza kumfungia hayo. Huyo dawa yake ni eneo la malisho lililopangwa na kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mwaka 2010 Bunge lilitunga sheria yake mahsusi juu ya nyanda za malisho. Lakini hata yeye anaye ng'ombe anayenyonyesha, ndama aliyedhoofu, na maksai atakaohitaji Novemba kwa kulima. Hao wakipewa kilo 2 za majani ya karanga kila jioni, juu ya wanayookota mchana, marobota 15 yamtosha kila mmoja kwa kiangazi chote. Na mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa pale Nachingwea mjini ndiye mnunuzi wa kwanza, wala hana ugomvi na mtu.

Wako watakaosema kwamba kuondoa majani ni kuinyima ardhi chakula chake. Wasema kweli. Kwa hiyo bei isiwe fedha tupu: mfugaji anayechukua marobota arudishe samadi, na mapatano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, hesabu ya marobota upande huu na hesabu ya mikokoteni upande ule. Shamba linalochomwa halipati malisho wala mbolea.

Twaziomba halmashauri za Nachingwea na Ruangwa ziagize sanduku moja kwa kila kijiji, na maafisa mifugo washirikiane na watafiti wa mifugo walioko Naliendele kuwaonyesha watu shambani jinsi ya kukausha na kufunga. Mikutano mikuu ya vijiji nayo ikate shauri mapema juu ya nani awashe moto, wapi, na siku gani. Masanduku yawe mikononi mwa wananchi kabla ya mwisho wa Aprili, kwa sababu karanga haitangoja kikao.