Mafuta Machakavu ya Jikoni na Safari za Angani



Mnamo Septemba 2017, chini ya Barabara ya Whitechapel hapa London, barabara ile ile ulipo Msikiti wa East London, mafundi wa mitaro walikuta jabali la mafuta yaliyogandamana na takataka: urefu mita 250, uzito yapata tani 130. Simnyoshei mtu kidole. Lakini sote twajua karai la sambusa hufanywa nini baada ya futari: humiminwa sinkini, yakafuatia maji ya moto, na mwenye nyumba akadhani yamekwenda zake. Hayaendi, hugandia njiani.

Nayo yana thamani. Tarehe 28 Novemba 2023, ndege ya Virgin Atlantic, Boeing 787, iliruka kutoka Heathrow hadi New York bila ya tone la mafuta ya kuchimbwa. Asilimia 88 ya mafuta yake yalitokana na mafuta na shahamu zilizotupwa, na 12 na sukari ya mimea. (Hukumu ya shahamu ya mnyama asiyechinjwa kisharia nawaachia masheikh.)

Yawezekanaje? Mafuta ya kupikia yana oksijeni ndani yake, jambo ambalo halifai kwa injini ya ndege. Kiwandani hupashwa moto wa digrii 300 na zaidi pamoja na gesi ya hidrojeni, katika mgandamizo mkubwa, yakapitishwa juu ya punje za kichocheo, aghalabu nikeli na molibdeni. Kichocheo ni mfano wa mshenga: huwakutanisha wawili na kuharakisha shughuli, naye hamo katika ndoa. Oksijeni hutoka, nyingi yake ikiwa maji, ikabaki minyororo ya kaboni na hidrojeni. Minyororo iliyonyooka huganda upesi, na huko juu baridi ni kali. Basi kichocheo cha pili, mara nyingi chenye platini, huitia matawi. Chumvi na mabaki ya vyakula humharibu mshenga, ndiyo maana mafuta husafishwa kwanza.

Shaka yangu ni nyingine. Januari 2025 sheria ya Uingereza ilianza kwa kutaka asilimia 2 ya mafuta ya ndege yasiwe ya kuchimbwa, ifikapo 2030 asilimia 10. Makarai yetu yote hayatoshi. Bei ikapanda, na Ulaya sasa wahofia kwamba mawese mapya huuzwa kwa jina la mafuta machakavu, pengine kutoka mashamba yaliyofyekewa misitu. Hapo faida yote hubatilika. Yakishachanganywa ni vigumu kuyatambua. Hutegemewa hati na uaminifu wa mwuzaji, nasi twaijua Suratul Mutaffifin imewasema akina nani.

Kwa hiyo wenye mikahawa miongoni mwetu wampe mkusanyaji aliyesajiliwa, wasichanganye, na stakabadhi waziweke. Sisi wa majumbani tuyaache yapoe, tuyachuje, tuyatie chupani, na tuulize halmashauri ya mtaa ni kituo gani kinachoyapokea.