Tusijisifu kwa Chombo Tusichokiunda

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tukaao Shumba, kaskazini ya Pemba, twaijua maana ya neno hili kwa macho. Kila chombo kipitacho mbele yetu kimepita kwanza mikononi mwa fundi, kikachongwa, kikapigwa misumari, kikatiwa kalafati. Hakuna apitaye pwani akadhani ya kuwa jahazi limeota majini kama mkoko. Walakini siku hizi twawasikia watu wa visiwa hivi wakijisifu kwa chombo kimoja kikubwa ambacho hawakukitia hata msumari mmoja. Jambo hilo ndilo tutakalo kulisema leo, na tutalisema bila kuficha.

Chombo chenyewe si cha mbao. Ni santuri iitwayo A Night at the Opera, yaani Usiku katika Opera, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Novemba 1975 na kundi la wapigaji wanne liitwalo Queen. Muziki wao ni ule uitwao roki, muziki wa magitaa ya umeme na ngoma za kishindo. Mwimbaji wao, ambaye dunia yote yamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi, watu wenye asili ya Bara Hindi wafuatao dini ya Zarathustra, na baba yake alikuwa mshika fedha katika mahkama.

Tangu ilipotoka senema ya mwaka 2018 iliyosimulia maisha yake, jina la mtu huyu limekuwa bidhaa kwetu. Mwaka 2019 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake huko Shangani, na wageni huja kupiga picha mlangoni. Kila mtu husema, "Ni mtoto wetu!" Hatuwalaumu walioifungua nyumba ile, maana kumbukumbu ni jambo jema. Twauliza swali moja tu: mtoto huyu ni wetu kwa lipi? Kuzaliwa ni kazi ya mama mmoja. Kufunzwa ni kazi ya wengi. Je, sisi tulimfunza nini?

Tufungue daftari tuhesabu. Herufi zake za kwanza alifundishwa mjini Unguja, katika shule ya wamisionari. Hilo twaliandika upande wetu. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa Bara Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani. Huko ndiko alikofundishwa piano, huko ndiko alikoimba katika kwaya, na huko ndiko yeye na wenzake walikounda bendi yao ya shule. Aliporudi Unguja mwaka 1963 alikuwa amekwisha kuzijua funguo za piano. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari, wazazi wake walihamia Uingereza, naye akasoma chuo cha sanaa huko Ealing, London, hata akahitimu mwaka 1969. Basi upande wetu wa daftari mna herufi, na labda nyimbo alizozisikia utotoni. Piano imeandikwa upande mwingine.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, ili tujue imegharimu nini. Santuri ile ina nyimbo kumi na mbili, na kila mmoja wa wale wanne alitunga. Wimbo ujulikanao kuliko zote ni Bohemian Rhapsody, uliotungwa na huyo Farrokh. Wachukua karibu dakika sita, nao hauna kiitikio kirudiwacho kama nyimbo nyingine. Huanza kwa upole, hupita katika sehemu ya opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, halafu huvuma kama pepo za kusi, mwisho hutulia. Ndani yake limo neno moja la Kiarabu ambalo kila Mpemba hulitamka kabla ya kutia mkono katika sahani. Wapo wetu walisikiao neno hilo wakapiga makofi na kusema, "Mwaona? Ni wetu!" Kwao neno moja latosha kuwa hati ya kumiliki wimbo mzima!

Msomaji aliyepata kuimba kwaya kanisani ajua taabu ya kupatanisha sauti nne. Basi na afikiri: kishindo cha watu wengi kisikiwacho katika sehemu ile ya opera ni cha watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor. Waliimba, sauti zikanaswa katika utepe wenye njia 24. Njia zilipojaa zikachanganywa zikawa chache, nao wakaanza tena kuimba juu yake. Sehemu hiyo peke yake iliwachukua kiasi cha majuma matatu, wakiimba saa kumi na zaidi kwa siku. Wenyewe walisimulia ya kuwa utepe ulipitishwa mashineni mara nyingi hata ukachakaa na mwangaza ukapenya. Juu ya jalada la santuri waliandika ya kuwa hawakutumia sinthesaiza, ile mashine ya umeme iundayo sauti za ala. Walitaka msikilizaji ajue ya kuwa sauti zile zatoka katika koo na mikono. Na katika wimbo uitwao Good Company, Brian May aliiga bendi nzima ya tarumbeta na zumari za Kizungu kwa gitaa lake tu, sauti moja baada ya nyingine.

Wakubwa walipousikia Bohemian Rhapsody walisema ni mrefu mno, redio hazitaupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa London akaupiga mara kumi na nne katika siku mbili za mwisho wa juma. Ulipotoka ulikaa majuma tisa katika nafasi ya kwanza huko Uingereza, na alipokufa mtungaji wake tarehe 24 Novemba 1991 ulirudi nafasi hiyo hiyo kwa majuma matano mengine. Hivi ndivyo chombo kilivyoundwa, ndugu wasomaji. Hakikuota.

Twajua ya kuwa wapo watakaotupinga, nao tutawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Kipaji ni tunu ya Mungu, mwenye nacho hahitaji mwalimu." Twajibu: tunu ni mbegu, na mbegu iliyoachwa juu ya jiwe huliwa na ndege. Isitoshe, tazameni wale wanne walikuwa watu gani. May alisoma fizikia na hesabu, akapata kufundisha shule, na mwaka 2007 akakamilisha shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Deacon alihitimu elimu ya umeme kwa daraja la kwanza. Taylor alisomea meno, kisha elimu ya viumbe. Farrokh alihitimu sanaa. Hao ndio mwawaitao wahuni wa magitaa! Mzazi amwambiaye mwanawe ya kuwa kuimba ni kazi ya waliokimbia masomo na aitazame orodha hii mara ya pili.

Wa pili husema, "Maisha ya mtu yule hayafai kuwa mfano, basi na kazi yake tusiitaje." Mwaka 2006 ulizuka mzozo mjini Unguja juu ya sherehe iliyokusudiwa kukumbuka miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, na hoja ilikuwa hiyo. Twajibu: hatumwombi mtu yeyote ayafuate maisha yake. Twamwomba ajifunze bidii yake. Fundi akikuundia chombo kisichovuja, wakivukia bahari na kumshukuru. Hukumu ya nafsi yake si ya abiria.

Wa tatu husema, "Huo ni muziki wa kigeni, kelele tupu, sisi tuna ngoma zetu." Huyu twampenda kuliko wote, maana amekaribia ukweli. Naam, tunazo. Pemba ina kibati, ambamo waimbaji hujibizana kwa maneno yatungwayo papo hapo juu ya mwendo wa mbio wa ngoma. Ina msewe, wachezaji wamefunga miguuni njuga za majani makavu. Walakini twamwuliza: ni shule gani akufundishayo kibati? Ni mtoto gani amekaa mbele ya mzee wa zumari kwa saa mbili kila juma, kama yule wa Panchgani alivyokaa mbele ya piano? Katika vijiji vyetu mtoto mwenye sauti huitwa siku moja tu, siku ya mgeni rasmi. Huvalishwa kanga, huimba, hupigiwa makofi. Mgeni akiondoka huambiwa aache kelele akasome. Basi aliyezitupa ngoma zetu si Mwingereza mwenye gitaa.

Wa nne husema, "Sisi ni maskini. Kwanza madawati, halafu muziki." Neno hili ni zito, kwa kuwa madawati kweli hayatoshi. Walakini sikilizeni khabari ya gitaa la Brian May, lile lile lisikiwalo katika santuri ile yote. Halikununuliwa. Mwaka 1963, alipokuwa kijana, yeye na baba yake walianza kuliunda nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua zuri. Shingo yake waliichonga katika ubao wa meko kuukuu, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kibiriti. Baadhi ya mbao za kiwiliwili zilitoka katika meza chakavu. Springi zake ni za pikipiki iliyokwisha kazi. Kazi ile iliwachukua kiasi cha miaka miwili, na hata leo, miaka zaidi ya sitini, May hulipiga gitaa lile kwa sarafu ya peni sita. Je, Pemba hakuna mbao? Hakuna mafundi wa majahazi ambao mikono yao yaweza zaidi ya hayo? Kilichokosekana ni baba wa kukaa na mwanawe miaka miwili juu ya jambo moja.

Na kama ni fedha, twakumbusha jambo moja la mwaka ule ule wa 2019. Mjini Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kifundishacho vijana udi, fidla, kanuni na ngoma. Mwaka uliofunguliwa nyumba ya kumbukumbu ya mwimbaji aliyekufa, chuo hicho cha waimbaji walio hai kilitangaza ya kuwa huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Mambo haya mawili yalitukia katika mji mmoja, mwaka mmoja. Hatuna haja ya kuyaeleza zaidi. Mwenye macho na asome.

Wala si mara ya kwanza. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, sauti iliyo mama wa taarab, ilimlazimu mwaka 1928 avuke bahari hata Bombay ndipo sauti yake inaswe katika santuri. Miaka isiyotimia thelathini baadaye, mtoto wa Kiparsi akavuka bahari ile ile akatafute piano. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Sisi twawatuza wetu baada ya wengine kuwatuza, tena wakiwa kaburini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi ulimwengu ukishamfunza, mama na asije kudai ujira.

Twataka mambo matatu. Kwanza, kila shule ya kijiji iwe na saa ya muziki katika juma, yenye mwalimu na daftari kama hesabu, wala isiwe ya kungojea wageni. Pili, wazee wa kibati, wa msewe na wa zumari waitwe darasani wafundishe, nao wapewe haki yao, kabla hatujawazika pamoja na ujuzi wao. Tatu, wale wachumao fedha kwa jina la Farrokh Bulsara, na serikali ipokeayo kodi yao, watenge fungu la kununulia ala za shule, na fungu hilo lisiishie mjini Unguja. Lipande meli, lishuke Wete, lifike Konde na Micheweni na hata kwetu Shumba.

Nanyi wazazi hamhitaji kungojea meli hiyo. Mtoto apigaye dumu la maji kwa vijiti viwili jioni msimnyang'anye vijiti. Mwulizeni apiga mwendo gani, kisha mpelekeni kwa mzee aujuaye. Mwaka atakapovuma, hapo mtakuwa na haki ya kusema ni wetu, kwa kuwa msumari mmoja angalau utakuwa wenu.

Mwalimu,
Shumba, Pemba